Linux kwenye flashi inajivuta: dalili, chanzo na tiba

Wengi wanaoendesha Linux (mfumo wa kompyuta wa bure, mbadala wa Windows) kutoka kwenye flashi huku Mtwara na Lindi hawakuanza kwa kupenda. Diski ya ndani imekufa na mpya haijanunuliwa. Kompyuta ya steshenari ni ya mtumba na Windows yake imejaa virusi. Mwanafunzi anatumia mashine za chuo lakini anataka mafaili yake yamfuate mfukoni. Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anagawana kompyuta moja na wenzake na hataki mahesabu ya msimu wa korosho yachezewe. Malalamiko yao yanajirudia kiasi cha kuweza kuyapanga kwa dalili.

Kabla ya dalili, elewa kitu kimoja. Flashi ya kawaida husoma vizuri, na hata kuandika faili moja kubwa huandika kwa kasi ya kuridhisha. Inapochoka ni kwenye vipande vidogo vidogo vya KB 4, kwa sababu ili kuhifadhi kipande kimoja, kidhibiti chake mara nyingi hulazimika kuhamisha na kufuta bloku nzima ya MB kadhaa. Mfumo wowote wa kompyuta huandika vipande hivyo kutwa: logi, kashe ya kivinjari, historia, tarehe faili lilipofunguliwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni kupunguza kuandika. Kununua kunakuja mwisho.

Pima kwanza

Fungua terminali ujue flashi yako inaitwaje:

`lsblk -o NAME,SIZE,TRAN,MODEL,MOUNTPOINT`

Yenye neno usb ndiyo yenyewe. Mifano hapa inatumia sdb. Yako inaweza kuwa sda au sdc. Linganisha ukubwa na jina kabla ya kuandika amri yoyote yenye /dev, maana herufi moja ikikosewa unaweza kuharibu diski ya ndani isiyokuwa yako. Kisha:

`sudo hdparm -t /dev/sdb`

`dd if=/dev/zero of=~/jaribio.bin bs=4k count=1000 oflag=dsync`

Amri ya kwanza hupima kusoma. Ukipata kati ya MB 25 na 40 kwa sekunde, uko kwenye USB 2.0 na huo ndio ukomo wake. Ukipita MB 80, uko kwenye USB 3. Ukipata MB 1 tu, kuna ugonjwa. Amri ya pili huandika MB 4 tu, ila kwa vipande 1000, na kila kimoja husubiriwa hadi kiandikwe kweli. Sekunde 10 kushuka chini ni nzuri kwa flashi. Ikipita dakika nzima, tatizo lako ni uandishi mdogo, na sehemu ya "Inaganda" hapa chini ndiyo yako. Futa jaribio.bin ukimaliza. Kama unaendesha Linux ya moja kwa moja (ya kujaribu, isiyosakinishwa) isiyo na hifadhi ya kudumu, yaani sehemu ya flashi inayotunza kazi zako ukizima, kipimo cha pili hakina maana, kwa sababu huko mafaili yako yako kwenye RAM.

"Kila kitu ni kizito, tangu kuwasha hadi kuzima"

Chanzo cha kwanza ni tundu. Andika `lsusb -t` uangalie mwisho wa mstari wa flashi: 5000M ni USB 3, 480M ni USB 2.0, na 12M ni janga. Tundu la USB 3 kwa kawaida lina plastiki ya bluu au alama ya SS. Flashi ya USB 3 ikichomekwa taratibu sana kwenye tundu la bluu inaweza kutambuliwa kama USB 2.0, kwa sababu miguu minne ya zamani inagusa kabla ya mitano ya nyongeza. Zima, chomoa, chomeka kwa mkupuo mmoja, washa upime tena. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye ubao mama wenyewe. Ya mbele hupitia waya wa ndani ambao kwenye mashine za mtumba mara nyingi umelegea. Habu yenye matundu manne ya bei poa iondoe kabisa.

Ukiona 12M, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla ya mfumo kuanza. Mashine nyingi za zamani zina mpangilio wa USB wenye machaguo mawili, FullSpeed na HiSpeed. Jina linadanganya: FullSpeed ndiyo ya polepole, Mbit 12 kwa sekunde, na HiSpeed ni 480. Betri ya BIOS ikifa mipangilio hurudi ya kiwandani, kwa hiyo kama saa ya kompyuta nayo inarudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ya CR2032 kabla hujahangaika na mengine.

Chanzo cha pili ni flashi yenyewe. Flashi feki zimejaa, hasa zile za GB nyingi kwa bei ya soda. Kabla ya kuiwekea mfumo, ijaribu ikiwa tupu: `sudo apt install f3`, kisha `f3write` na `f3read` kwenye folda ya flashi hiyo. f3write hujaza nafasi yote, kwa hiyo usiitumie kwenye flashi yenye kazi zako. Ikionyesha sehemu iliyopotea, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Joto ni la tatu. Flashi ndogo za chuma, zile zinazobaki kama kucha nje ya laptopu, hupata moto haraka na nyingine hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa mwezi wa Desemba, hiyo si nadharia. Dalili yake ni kwamba asubuhi inakwenda, saa nane mchana inajivuta. Waya mfupi wa USB wa sentimita 20 hadi 30 huiondoa flashi kwenye joto la laptopu na mara nyingi unatosha.

La nne ni kutu. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, popote upepo wa bahari unapofika, miguu ya USB hupata weusi au ukijani. Newala na Masasi tatizo ni vumbi zaidi. Sugua miguu ya flashi polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Ndani ya tundu la kompyuta usiingize pini wala kisu.

Yote yakiwa sawa na bado ni nzito, na RAM yako ni GB 8 au zaidi, kuna njia ya mkato: pakia mfumo wote kwenye RAM. Kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha) bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ongeza neno `toram` mwishoni, kisha Ctrl+X. Hii ni kwa Linux ya moja kwa moja isiyosakinishwa. Mfumo wa GB 3 kwenye USB 2.0 utachukua karibu dakika mbili kupakia, lakini baada ya hapo hautaigusa tena flashi. Kazi zako hifadhi kwenye flashi nyingine, kwa sababu ukizima kila kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Kwa mashine ya GB 2 au 4 ni bora Puppy, ambayo tangu mwanzo iliundwa kuishi kwenye RAM na matoleo yake mengi hayafiki GB 1.

"Inaganda, inaachia, inaganda tena"

Hili ndilo lalamiko namba moja. Kipanya kinatembea lakini ukibofya hakuna jibu, taa ya flashi inawaka bila kukatika, baada ya sekunde 10 au 20 mibofyo yote inatekelezwa kwa pamoja.

Mshukiwa wa kwanza ni kivinjari. Firefox huhifadhi picha na kurasa kwenye diski, na kila sekunde 15 inaweza kuandika orodha ya kurasa ulizofungua. Andika `about:config` kwenye sehemu ya anwani, ukubali onyo, kisha badilisha mawili:

`browser.cache.disk.enable` iwe false

`browser.sessionstore.interval` kutoka 15000 iwe 600000

La pili linamaanisha dakika 10. Hasara yake ni kwamba kivinjari kikifa ghafla unaweza kupoteza orodha ya kurasa za dakika hizo, si zaidi. Hasara ya la kwanza ni bando: ukifunga Firefox na kufungua tena, picha zinashushwa upya. Anayelipia MB kwa siku anaweza kuamua kuvumilia kugandaganda kidogo, na hakosei. Chromium huna haja ya kuigusa ndani; ianzishe na `--disk-cache-dir=/tmp/kashe`, mradi /tmp, folda ya mafaili ya muda, iko kwenye RAM (ona hapa chini).

Mshukiwa wa pili ni swapu, nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya ziada. Andika `free -h`, kisha `swapon --show`. Ukiona partisheni ya sdb au faili la swapfile na safu ya iliyotumika si sifuri, kompyuta imeishiwa RAM na inatumia flashi badala yake. Hakuna kinachoua kasi na uhai wa flashi kama hiki. Dawa ni zram, ambayo hubana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuitoa nje. Kwa Debian, Ubuntu na Mint:

`sudo apt install zram-tools`

Fungua `/etc/default/zramswap` kwa nano, weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Prosesa za zamani kama Core 2 Duo hubeba lz4 kwa urahisi kuliko zstd. Funga programu zote, zima swapu ya zamani kwa `sudo swapoff /swapfile`, na weka alama ya # mbele ya mstari wake kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha partisheni za kufunguliwa kompyuta ikiwaka. Mashine ya GB 2 iliyokuwa ikifa kwa kurasa nne za kivinjari sasa itazifungua, ingawa YouTube na jedwali kubwa la LibreOffice kwa pamoja bado ni kuitesa.

Kama si kivinjari wala swapu, mtafute mwandishi. Weka `iotop`, kisha `sudo iotop -oPa`, uiache dakika tano bila kugusa kitu. Anayeongoza kwenye safu ya kuandika ndiye. Ukiona unattended-upgrade, ni masasisho yanayojifanyia yenyewe, na yanakula bando pia. Zima:

`sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`

Halafu sasisha kwa mkono mara moja kwa wiki, usiku, ukiwa na intaneti ya kutosha. Kuacha kabisa si suluhisho. Kivinjari cha zamani ni mlango wazi kwa wezi.

Ukiona jbd2, hiyo ni jarida la ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, linaloandika kumbukumbu ya mabadiliko. Kwa Linux iliyosakinishwa kikamilifu kwenye flashi, jaribu hivi bila kuwasha upya:

`sudo mount -o remount,noatime,commit=60 /`

Ukiridhika, weka `noatime,commit=60` kwenye mstari wa / ndani ya /etc/fstab. Kawaida ext4 husukuma data kila sekunde 5. Sasa itakuwa kila sekunde 60. Kwenye laptopu yenye betri nzima hiyo ni sawa. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika unaweza kupoteza dakika nzima ya kazi, kwa hiyo hapo weka 15. Linux yenye hifadhi ya kudumu ya aina ya casper (ya familia ya Ubuntu) haisomi fstab yako kwa jambo hili, kwa hiyo usipoteze muda kuihariri.

Logi nazo zipeleke RAM. Kwenye `/etc/systemd/journald.conf` weka `Storage=volatile` na `RuntimeMaxUse=30M`. Kwa /tmp ongeza mstari huu kwenye fstab:

`tmpfs /tmp tmpfs noatime,size=512M,mode=1777 0 0`

Siku unapochunguza kasoro, rudisha logi kwenye flashi kwanza, la sivyo ushahidi unafutika kila ukizima.

"Kunakili kunafika asilimia 100 halafu kimya"

Karani ananakili folda la msimu kwenda flashi ya pili. Mstari unakimbia, unafika mwisho kwa sekunde chache, kisha kuchomoa salama kunagoma dakika tatu na kompyuta nzima inakuwa mzigo. Hakijaharibika kitu. Linux imepokea data kwenye RAM na kutangaza imemaliza, wakati flashi ndiyo kwanza inaanza kuandika. Kwa kawaida hadi asilimia 20 ya RAM iliyo huru inaweza kusubiri hivyo. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo ni kama GB 1.5, na flashi inayoandika MB 8 kwa sekunde itahitaji zaidi ya dakika 3. Jionee mwenyewe:

`watch -n1 "grep Dirty /proc/meminfo"`

Namba ikishuka karibu na sifuri ndipo kazi imekwisha. Anayechomoa kabla ya hapo ndiye anayerudi kesho na faili lisilofunguka. Ili foleni isirefuke, tengeneza faili `/etc/sysctl.d/99-flashi.conf` lenye mistari miwili:

`vm.dirty_background_bytes=16777216`

`vm.dirty_bytes=67108864`

Kisha `sudo sysctl --system`. Sasa mstari wa kunakili utaonekana polepole zaidi, lakini unasema kweli. Kompyuta ikiendelea kuganda wakati wa kunakili, angalia `cat /sys/block/sdb/queue/scheduler`. Kama bfq, mpangaji mmojawapo wa foleni ya kusoma na kuandika, imo kwenye orodha, iwashe kwa `echo bfq | sudo tee /sys/block/sdb/queue/scheduler`. Hiyo hudumu hadi utakapozima, na inatosha kujua kama inakusaidia.

"Inachelewa kuwaka tu, ikishawaka iko sawa"

Soma skrini kabla ya kitu kingine. Ikihesabu kuelekea 1min 30s ikisubiri kifaa chenye namba ndefu, fstab inataja partisheni isiyokuwepo, mara nyingi swapu ya kompyuta nyingine. Weka # mbele ya mstari huo.

Ukiona maneno ata1 na "link is slow to respond", diski ya ndani iliyokufa bado imechomekwa na kerneli (kiini cha Linux) inaibembeleza. Zima tundu hilo la SATA kwenye BIOS, au itoe diski kompyuta ikiwa imezimwa, waya wa umeme umechomolewa na betri imetolewa. Ile sanduku ya umeme ya kompyuta ya mezani usiifungue. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Skrini isiposema kitu, `systemd-analyze blame` itataja wachelewaji kwa mpangilio. NetworkManager-wait-online ikiwa juu, izime kwa `sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online`. Linux ya moja kwa moja ya familia ya Ubuntu hukagua mafaili yake yote kila inapowaka, neno `fsck.mode=skip` kwenye mstari wa linux wa GRUB huruka hatua hiyo.

"Ilikuwa nyepesi, inazidi kuwa nzito kila wiki"

Angalia `df -h`. Flashi iliyojaa zaidi ya asilimia 85 hulemewa, kwa sababu kidhibiti kinakosa bloku tupu za kuzungushia. Futa vifurushi vilivyoshushwa kwa `sudo apt clean`. Kwenye hifadhi ya kudumu usifanye masasisho ya mfumo mzima: mafaili mapya yanajaza nafasi juu ya yale ya zamani yaliyobanwa, ambayo hayafutiki, na kerneli mpya mara nyingi haitumiki hata kidogo. Sasisha kivinjari tu, au andika toleo jipya la mfumo upya.

Hifadhi iliyowekwa kama faili ndani ya FAT32 ina matatizo mawili: haiwezi kupita GB 4, na kila kuandika kunapita mifumo miwili ya mafaili. Ihamishie kwenye partisheni ya ext4, ukiacha asilimia 10 hadi 20 ya flashi bila kugawanywa.

Kama nafasi ipo na bado inazidi kushuka, flashi inachakaa. Hapo hela iende kwenye SSD ndogo ya inchi 2.5 ndani ya kasha la USB 3. Hata ya GB 120 ya mtumba huandika vipande vidogo kwa kasi ambayo flashi za kawaida hazina.

"Inakataa kuandika, au inasema read-only"

Simama hapa. Usiwashe na kuzima mara kwa mara, usiifomati, na usikimbilie fsck (programu ya kukarabati mfumo wa mafaili). Andika:

`sudo dmesg -T | grep -iE "i/o error|ext4|reset"`

Ukiona makosa ya EXT4 bila I/O error, na umeme ulikatika karibuni, kuna matumaini. Washa kwa Linux nyingine, hakikisha flashi haijafunguliwa (isiwe na kitu kwenye safu ya MOUNTPOINT ya lsblk), kisha `sudo e2fsck -f /dev/sdb2`, ukiweka namba ya partisheni yako.

I/O error zikijirudia, chipu inakufa. Toa nakala nzima kwanza kwenda diski yenye nafasi ya kutosha, hapa ikiitwa akiba (kifurushi ni gddrescue):

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /media/akiba/flashi.img /media/akiba/flashi.map`

Matengenezo yote fanya kwenye nakala. Baadhi ya flashi zikifika mwisho hujifunga zisiandikike tena. Hizo bado zinasomeka, kwa hiyo toa mafaili na uzitupe.

Ipeleke flashi kwa fundi wa kuokoa data, bila kujaribu zaidi, ikiwa flashi haionekani kwenye lsblk huku ndani kuna kitu kisicho na nakala, ikiwa ddrescue inakwama sehemu moja na flashi inachemka, au ikiwa imepinda na kuacha kusoma. Fundi wa kompyuta na anayeokoa data si lazima awe mtu mmoja. Muulize kama ana vifaa vya kusoma chipu moja kwa moja. Akikwambia ataifomati kwanza halafu ataona, ichukue uondoke. Harufu ya kuungua au tundu la USB linalounguza kidole ni suala la ubao mama: chomoa umeme, toa betri, na mashine isiwashwe tena hadi ipimwe.